Daftari langu halina mstari wa samaki

BARUA

Kwako Mshauri,

Hujambo? Naandika kutoka Kisumu. Nina miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na ni keshia katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Kutwa nzima nahesabu saruji na mabati ya watu wanaojenga. Labda ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Mwaka jana nilijiwekea malengo mawili. La kwanza, kumaliza CPA, mitihani ya taaluma ya uhasibu, ili nitoke kwenye kaunta niingie ofisi ya uhasibu. La pili, kununua ploti ya futi 50 kwa 100 upande wa Kiboswa, ambayo niliambiwa bei yake ni shilingi 700,000. Wenzangu wawili kwenye chama chetu cha kuchangiana kwa zamu tayari wana zao. Nikanunua daftari, nikaanza kuandika kila shilingi.

Mshahara ukishakatwa yote ya kukatwa, mkononi napata 36,400. Zinakwenda hivi: kodi ya nyumba Migosi 8,500, umeme na maji 1,200, Sacco (ushirika wa akiba na mikopo) 9,000, chama 3,000, mama yangu Siaya 4,000, masomo ya jioni 3,500, nauli 2,600, chakula 4,000. Zinabaki 600 za sabuni, mafuta ya kujipaka na bando. Kwa Sacco sijakosa hata mwezi mmoja, na sasa nina 126,000.

Muda nao nimeubana vivyo hivyo. Kazini ni saa mbili hadi saa kumi na moja, Jumamosi hadi saa saba. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nina darasa mpaka saa moja unusu. Nikifika nyumbani napika, naoga, saa tatu nafungua vitabu, nasoma hadi saa saba usiku. Nikifunga kitabu usingizi hauji, basi nashika simu natazama video za watu wakipika na kucheza, dakika arobaini hivi. Saa kumi na moja alfajiri niko macho.

Ili yote haya yatoshee, niliacha mengine. Kwaya ya kanisa, ambako nimeimba sauti ya pili tangu kidato cha tatu, niliacha mwezi wa pili. Sababu niliyoitoa ni mchango wa sare, 1,800. Ukweli ni kwamba mazoezi ya Jumamosi alasiri yalikuwa yananila saa mbili. Tena Jumapili jioni mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye tulikuwa na desturi ya kwenda Dunga, ufukweni mwa ziwa. Tunanunua samaki mmoja wa kukaanga aina ya ngege wa 600 na ugali, tunagawana, tunakaa pale hadi jua lizame. Hilo nalo nililifuta. Rafiki yangu alinipigia mara nne, kisha akaacha.

Mtihani uliopita nilifanya karatasi tatu. Nilipita moja.

Wikendi iliyofuata matokeo sijui niliingiwa na nini. Nilisuka nywele za 3,500, nikanunua viatu vya 2,800, na usiku nikatoka na wenzangu wa kazini, nikatumia 5,100 kwa chakula na vinywaji ambavyo hata sikuvifurahia. Jumla 11,400. Pesa za masomo za mwezi zilikwenda zote, 1,900 za chakula zikafuata, na 6,000 nilikopa kwenye simu. Mpaka leo nalipa huku nakopa. Daftarini niliandika "mengineyo" kwa sababu niliona aibu kuandika ukweli katika daftari langu mwenyewe.

Kazini wananiambia kazi na dawa. Dada yangu mkubwa anasema mshika mbili moja humponyoka, nichague. Mama, nilipokwenda Siaya mara ya mwisho na kuondoka baada ya saa moja ili niwahi kusoma, aliniuliza, "Mbona siku hizi ukija huketi?"

Kwa hesabu yangu imebaki miaka mitatu: mwaka mmoja kufikisha akiba ya kuombea mkopo wa ploti, na miwili zaidi ya kumaliza CPA. Baada ya hapo nitapumua. Je, nivumilie hiyo mitatu, au niachane na malengo niishi kama watu? Nikiwa na vitabu nawaza ziwa. Siku moja nilipopita karibu na ziwa niliwaza vitabu.

Mwenye Daftari,
Migosi, Kisumu

MAJIBU

Dada yangu Mwenye Daftari,

Asante kwa barua yako, na hasa kwa hesabu. Wanaoandika kwamba pesa hazitoshi na muda hautoshi ni wengi, wanaotaja ni kiasi gani ni wachache. Wewe umeweka ukurasa mzima mezani, kwa hiyo tunaweza kuusoma pamoja.

Nikikuelewa, una malengo mawili unayoyaheshimu. Uliyatengea nafasi kwa kuondoa kila kilichokuwa kitamu, ukijiambia ni kwa muda tu. Sasa masomo hayasogei kama ulivyotarajia, na utamu uliofukuzwa mlangoni umerudi kupitia dirishani, tena na mkopo wa simu. Unaniuliza uvumilie miaka mitatu au uache yote. Sina haraka ya kukuchagulia. Kwanza nataka tuitazame hiyo miaka mitatu yenyewe, kwa sababu sina hakika kwamba ni mitatu.

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba. Ili ukopeshwe 700,000 unahitaji akiba ya takriban 233,300. Unazo 126,000, zimepungua 107,300, na kwa 9,000 kwa mwezi ni miezi kumi na miwili. Hapo hesabu yako ni sahihi. Lakini siku hiyo ndiyo siku ya kupewa deni. Tuseme riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kiwango ambacho Sacco nyingi hutumia. Mkopo huo ukiulipa kwa miaka minne, utakatwa karibu 18,400 kila mwezi. Kwa miaka mitano ni kama 15,600. Sasa chukua daftari, futa 9,000 za Sacco, andika 18,400 mahali pake. Toa kodi, umeme na maji, mama, na nauli. Zimebaki 1,700, na hujala, hujalipa chama, hujalipa masomo. Sacco nyingi pia hutaka uendelee kuweka akiba huku unalipa mkopo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yote kwa pamoja yazidi theluthi mbili ya mshahara. Ni kinga nzuri, ila inapima makato tu, haipimi sufuria yako. Na bado hatujagusa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, wala ada ya wakili. (Umesema "niliambiwa" bei ni 700,000. Na nani? Kabla ya kumpa mtu hata shilingi ya kushikilia ploti, omba nambari ya hati na ufanye upekuzi rasmi wa ardhi. Nayasema haya kwa mabano lakini si madogo.)

Kwa hiyo ile siku ya kupumua, kwa mpango ulivyo, haiko ukiwa na miaka thelathini na minne. Iko thelathini na sita au saba. Sikwambii haya ili uvunjike moyo. Unaweza ukayasoma na kusema, sawa, ploti yangu ina thamani hiyo. Ila swali ulilojiuliza, kama unaweza kukaa miaka mitatu bila Dunga, silo swali lililo mbele yako. Lililo mbele yako ni la miaka mitano au sita.

Njoo kwenye zile 600. Ukurasa wako una mstari wa kila kitu isipokuwa viwili: samaki na dharura. Nadhani cha pili ndicho kilichokuingiza kwenye mkopo, kuliko hata ile wikendi. Akiba ya Sacco haitolewi kidogo kidogo. Huipati hadi ujiondoe uanachama, na mara nyingi hutakiwa kutoa notisi ya siku 60. Maana yake una zaidi ya laki moja lakini kiatu kikikatika Jumanne huna wa kumgeukia ila simu. Ingia kwenye taarifa za simu yako, jumlisha ada na riba zote ulizolipia mikopo kwa miezi mitatu iliyopita, uziandike daftarini kwa jina lake halisi. "Mengineyo" ndilo jina ambalo watu wa uhasibu huliogopa kuliko yote, wewe unalijua hilo.

Jaribu hesabu hii kwenye karatasi pembeni, si lazima uifuate. Punguza Sacco kutoka 9,000 hadi 7,500. Kwa kawaida ni barua moja au fomu moja, ulizia kiwango cha chini wanachokubali. Zile 1,500 zigawe: 900 ziende kwenye akaunti unayoweza kuitoa siku hiyo hiyo, na 600 ziandikwe "raha", kwa herufi zinazosomeka. Akiba ya kuombea mkopo itafikia kiwango baada ya miezi kumi na minne na kidogo badala ya kumi na miwili. Basi dharura na Jumapili, kwa pamoja, zinagharimu miezi miwili na kidogo ya kusubiri. Je, ni ghali? Kuna anayeona ni ghali na ana haki. Lakini sasa angalau ina bei. Mwanzoni ulikata Jumapili bila kuuliza bei.

Nikuulize kuhusu masomo. Unasoma kwa saa nne kila usiku na ukaanguka karatasi mbili, nawe ukahitimisha, kama nimekusoma sawa, kwamba hukujibana vya kutosha. Huenda ni kinyume. Ukitoa zile dakika arobaini za simu, unalala kwa saa tatu na dakika ishirini tu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na ni usingizini ndipo ubongo unapokipanga na kukihifadhi ulichosoma. Kusoma hadi saa saba ya usiku kisha kuukata usingizi nusu ni kuteka maji kwa pakacha.

Lingine ni namna ya kusoma. Karatasi ya mtihani wako ina alama 100 na saa tatu, yaani dakika 180. Swali la alama 20 lina dakika 36, basi. Katika zile saa nne, ni mara ngapi umefunga noti, ukaweka saa, ukalijibu swali zima kwa dakika 36? Wanaosoma usiku wakiwa wamechoka huishia kurudia noti na kupiga mistari, kwa sababu ndiyo kazi ambayo mwili uliochoka unaiweza. Noti huzoeleka machoni hadi ukadhani umeielewa. Kisha chumba cha mtihani kinakuonyesha kwamba ulikuwa unaitambua tu, kama sura ya mtu unayempita stendi kila siku bila kujua jina lake.

Kwa wiki mbili, kama unataka kupima, fanya hivi. Saa tatu usiku anza na dakika 15 za makosa ya jana: lile ulilokosa, lijibu tena bila kutazama. Kisha swali moja la mtihani wa zamani, dakika 36, simu ikiwa mbali. Kisha dakika 20 za kulisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuandika ulipopotea, kama ni kanuni hukuijua, ni muda ulikwisha, au ni swali hukulisoma vizuri. Hayo makosa matatu kila moja lina dawa yake, na kusoma zaidi hutibu la kwanza tu. Saa nne na robo umemaliza, saa nne unusu umelala, saa kumi na moja unusu umeamka. Jumanne na Alhamisi huna darasa, unaweza kuanza mapema na kuongeza swali la pili. Hatari yake ni kwamba mada mpya zitakwenda polepole, na ukifanya karatasi tatu kwa mwendo huu huenda usimalize silabasi. Karatasi mbili huenda zikatosha. Baada ya wiki mbili, linganisha alama unazojipa. Zikishuka, rudi kwenye utaratibu wako na hujapoteza kitu.

Sasa raha yenyewe. Umeandika kama mtu aliyekaa muda wote huu bila raha. Mimi nimehesabu dakika arobaini za simu mara siku saba, nikapata karibu saa tano kwa wiki. Mazoezi ya kwaya ni saa mbili. Dunga, tuseme saa mbili na nusu pamoja na safari. Muda wa raha hukuupunguza, dada. Uliuhamisha kutoka kwa watu na upepo wa ziwani, ukaupeleka kwenye kioo cha simu saa saba ya usiku, unapoiba badala ya kupewa. Na cha kuibwa hakishibishi, kwa sababu unakila ukitazama mlango.

Wenzako wanasema kazi na dawa. Msemo huo hutumika ovyo, hasa mwisho wa mwezi, lakini neno dawa lina maana yake. Dawa ina kipimo: kijiko kimoja, mara ngapi, kwa siku ngapi. Wewe ulikaa miezi bila tone, kisha wikendi moja ukainua chupa. Kwenye zile 11,400 kuna kitu cha kutazama: hukununua hata kimoja ulichokuwa umekikosa. Hukwenda Dunga, hukumpigia rafiki yako, hukwenda kanisani kuimba. Ulinunua vitu vikubwa vya haraka. Ndivyo mtu aliyejinyima sana anavyovunjika: akishavuka mstari kwa shilingi mia, husema siku imeshaharibika, kisha huvuka kwa elfu kumi. Ukiwa na mstari wa 600 daftarini, kuitumia 600 si kuvunja kitu. Je, hilo litazuia wikendi nyingine kama ile? Haliwezi kuahidi. Matokeo mabaya ya mtihani yatauma hata kwa mwenye mstari wa raha, na huenda ukahitaji mpango wa siku hiyo hasa: nani utampigia, na kadi na simu ya pesa zitakuwa wapi.

Ningependa pia ujue ni nini hasa ulichokuwa unakipata pale Dunga. Kama ni samaki, habari ni njema, maana ngege anapikika nyumbani. Nunua wa kadiri sokoni, aparwe magamba na kutolewa matumbo. Mkate mikato mitatu ya mshazari kila upande, mpake chumvi hadi ndani ya mikato, umwache nusu saa, kisha umfute kwa kitambaa safi hadi ngozi iwe kavu. Wengi huruka kufuta, ndiyo maana mafuta huwarukia na samaki hung'ang'ania sufuria. Mafuta yawe moto kwelikweli: chovya ncha ya mkia, ikichachatika papo hapo, mteremshe polepole. Usimguse kwa dakika sita au saba. Ukijaribu kumgeuza akakataa, bado hajaiva upande huo. Akiwa tayari ataachia mwenyewe. Ukipenda mchuzi, kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili hadi ziwe rojo, maji robo kikombe, samaki ndani, funika dakika tano, dania juu. Hapo umekula vizuri, na pengine umebakisha nusu ya bei.

Lakini kama ulichokipata pale ni rafiki, samaki wa Migosi hatakusaidia akiliwa peke yako. Na kama ni ziwa, basi ziwa halina bei. Unaweza kwenda umekula, ukalipa nauli tu na chai. Jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, kutegemea mwezi. Ukifika saa kumi na moja na robo una muda wa kutosha wa kukaa bila kufanya chochote. Kaa palipo na watu, mbali na nyasi za ukingoni, kwa sababu giza likiingia viboko hutoka majini kula nyasi. Nenda na saa ya kufika na saa ya kuondoka. Mtu anayewaza vitabu akiwa ziwani mara nyingi ni yule ambaye hajui ataondoka saa ngapi, hivyo kila dakika anaihisi kama deni. Akijua saa moja na robo yumo ndani ya matatu, akili humwachia.

Turudi kwenye uchaguzi wako, maana dada yako naye ana hoja. Unaweza kuendelea ulivyo, lakini hadi tarehe moja iliyoandikwa, tuseme mtihani ujao, kisha ukatathmini. Faida ni kwamba hubadilishi chochote sasa. Hatari umeshaionja, na mwili unaolala kwa saa tatu tu hautangoji tarehe yako.

Unaweza kuyapanga malengo foleni: CPA mbele, Sacco ishuke hadi kiwango cha chini kabisa, ploti ingoje mshahara wa mhasibu. Kihesabu ina mantiki, kwa kuwa mkopo wa kukatwa 18,400 kwa mwezi unamfaa mtu wa mshahara mkubwa kuliko wako wa leo. Mwiba wake ni kwamba bei ya ardhi huenda ikapanda, na pesa ambazo hazikatwi kabla hujaziona zina tabia ya kuyeyuka. Kinyume chake, ukisimamisha CPA kwa ajili ya ploti, kumbuka usajili wa mwanafunzi huhuishwa kila mwaka kwa ada, silabasi hubadilika, na ulichosoma hupoa.

Au uende na yote mawili kwa mwendo wa polepole, karatasi mbili kila mtihani, 7,500 Sacco, na saa mbili au nne za raha kwa wiki. Huu ni mpango mpole, na upole wake ndio hatari yake: safari ndefu huchosha kwa namna nyingine, na utawaona wenzako wakikupita. Hapo utahitaji kujiuliza jambo ambalo barua yako imeligusa tu na kupita. Kama wale wawili kwenye chama wasingekuwa na ploti, ungeitaka? Pengine ndiyo, na kwa sababu nzuri. Mwanamke mwenye hati yenye jina lake analala tofauti. Lakini kuna haja ya kujua unanunua ardhi au unanunua nafasi yako kwenye kikao cha chama, kwa sababu hiyo ya pili inaweza kupatikana kwa bei ya chini. Chunguza pia zamu yako ya chama itakapofika. Ikiwa haina kazi iliyopangwa, inaweza kumaliza mkopo wa simu kwa siku moja, na huenda hilo likakupa usingizi kuliko ratiba yoyote niliyoandika hapa.

Kuhusu mama, sitasema mengi. Zile 4,000 zina mstari daftarini, lakini alichokuuliza si pesa. Safari ya Siaya unailipia nauli ileile ukikaa saa moja au ukikaa tano. Ni wewe unayejua kama huwa anakungojea na chakula.

Usibadilishe yote wiki hii. Ukianza na usingizi, kwaya, Dunga, Sacco na mkopo kwa pamoja utakuwa umejitengenezea malengo matano badala ya mawili, na nakuona ukichora jedwali. Chagua moja. Rafiki yako ambaye alipiga mara nne, mpigie wewe, hata kama ni kumwambia tu kwamba ulikuwa unasoma. Huenda amekasirika, mpe nafasi akasirike.

Na ile sare ya kwaya: muulize mweka hazina kama wanapokea kwa awamu. 1,800 kwa miezi mitatu ni 600 kwa mwezi, na kwaya nyingi hukubali, mradi usimame kwenye mstari wa sauti ya pili huku unalipa.